Sampuli Ikitoka Thieta, Utafiti Ndiyo Kwanza Unaanza

Hotuba katika siku ya utafiti ya shule ya tiba

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wangu, madaktari bingwa, wauguzi, wataalamu wa maabara, na ninyi wanafunzi mliokaa hadi kwenye ngazi kwa kukosa viti: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na wengine nawasalimu kwa heshima ileile.

Nimepewa mada ya utafiti wa karibuni katika upasuaji na patholojia. Mimi ni daktari wa patholojia, yaani ninayetafuta ugonjwa katika nyama zilizotolewa mwilini. Kazi yangu huanza pale mpasuaji anapovua glavu. Kwa hiyo nitaitazama mada hii nikiwa upande wa meza ya kukatia sampuli, na ninachotaka kutetea asubuhi hii ni jambo moja. Katika upasuaji wa saratani, maswali makubwa yamepata majibu pale mpasuaji na mwanapatholojia walipolishika swali pamoja tangu siku ya kwanza. Walipofanya kazi kila mtu na mlango wake, wagonjwa walitibiwa kwa mazoea, na mazoea yakapewa hadhi ya ujuzi.

Nianzie Leeds, Uingereza, miaka ya 1980.

Saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ilikuwa na tabia moja iliyowakatisha tamaa wapasuaji. Mgonjwa anafanyiwa upasuaji, uvimbe unatolewa wote kwa kadiri jicho linavyoona, kidonda kinapona, anarudi kwake. Baada ya mwaka mmoja au miwili saratani inaota tena palepale, ndani ya nyonga, na safari hii maumivu yake hayaelezeki. Wengi waliamini kwamba ugonjwa wenyewe ndio mkali: chembe zake zilishasambaa kabla ya kisu, sasa mpasuaji afanye nini tena?

Mwanapatholojia Philip Quirke na wenzake walifanya jambo ambalo ukilieleza linaonekana dogo sana. Ilizoeleka kuufungua utumbo kwa urefu na kukazia macho ncha zake mbili, ya juu na ya chini, kuona kama saratani imefika pale palipokatwa. Wao waliikata sampuli nzima kwa upana, kipande baada ya kipande, kama mtu anavyokata gogo, kisha wakatengeneza slaidi kubwa za kuchukua kipande chote kikiwa kizima, pamoja na mafuta yanayouzunguka utumbo. Kwa njia hiyo wakauona ukingo ambao haukuwa ukipewa uzito: ukingo wa pembeni, unaouzunguka utumbo pande zote, mahali ambapo mkono wa mpasuaji ulipita kuutenganisha utumbo na kuta za nyonga.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986 katika jarida la Lancet. Wagonjwa walikuwa 52 tu. Kati yao 14 walikuwa na saratani iliyogusa ukingo huo wa pembeni, na 12 kati ya hao 14 ugonjwa uliwarudia ndani ya nyonga.

Naomba mzitazame tena namba hizo. Wagonjwa 52 si wengi. Idara nyingi za upasuaji huwapata. Vifaa vilikuwa kisu kirefu, fomalini (dawa ya maji inayozuia nyama isioze), nta ya parafini, slaidi na hadubini. Kilichokuwa kipya ni swali, na subira ya kukata kila sampuli kwa namna moja, kila siku, halafu kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka bila kumpoteza mtu njiani. Jibu lilikuwa gumu kulipokea: kwa wagonjwa wengi saratani haikurudi kwa sababu ya ukali wake. Ilikuwa imeachwa mle ndani.

Wakati huo mpasuaji Bill Heald, wa Basingstoke, alikuwa ameshaandika mwaka 1982 kwamba ufunguo uko kwenye mesorektamu, ule mfuko wa mafuta, mishipa ya damu na mitoki unaoizunguka puru kwa nyuma na pembeni. Alitaka mfuko huo utolewe wote, ukiwa mzima na utando wake, kwa kukata taratibu huku jicho likiona kila hatua, badala ya kuutenganisha kwa mkono usikoona. Mpasuaji mmoja amesema hivi akiwa thieta, mwanapatholojia mmoja amesema hivi akiwa mezani kwake, na wote wawili wanaelekeza kidole mahali pamoja. Mimi kila nikifundisha habari hii husimama hapo kidogo, maana ndipo utafiti wa upasuaji wa puru ulipopata miguu.

Halafu ikaja hatua ambayo naiheshimu zaidi. Katika jaribio lililojulikana kwa jina la CR07, wanapatholojia walipewa kazi ya kuitazama sampuli kabla ya kuikata na kuipa daraja. Je, mfuko umetoka mzima, uso wake laini? Umeliwa kiasi? Au umechanwa hadi msuli wa utumbo unaonekana? Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kati ya wagonjwa 1,156 waliopimwa hivyo, nusu tu, 52%, ndio waliokuwa wamepata upasuaji wa daraja la juu. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi palepale kwa 4% ya waliopata daraja la juu, 7% ya waliopata daraja la kati, na 13% ya waliopata daraja la chini. Waliopata daraja la juu na ambao pia walipigwa mionzi kwa siku chache kabla ya upasuaji, ugonjwa uliwarudia 1% tu.

Madaktari wa upasuaji mlio hapa, najua hili si jepesi. Mtu ambaye hakuwepo thieta, ambaye hakuiona damu ile wala ile nyonga nyembamba, anaitazama kazi ya mikono yako mezani na kuipa daraja, na daraja lile linatabiri nani atarudi akiwa na maumivu. Wenzenu walikubali kuangaliwa hivyo, katika utafiti uliochapishwa hadharani. Leo kupiga picha sampuli ya puru mbele na nyuma kabla ya kuikata ni jambo la kawaida katika vituo vinavyojali. Ningependa hapa petu liwe jambo la kila sampuli, siyo la sampuli ya mgonjwa wa utafiti peke yake.

Mfano wa pili ni wa saratani ya titi, na ndani yake wamo ndugu wawili wa tumbo moja.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19, mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alipoeneza upasuaji wake, wanawake waliondolewa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na mitoki ya kwapa. Hoja ilikuwa kwamba saratani hutambaa kwa mpangilio, kutoka titi hadi kwapani, kutoka kwapani kwenda mbali, kwa hiyo anayekata pakubwa ndiye anayeitangulia. Hoja hii ilitawala miongo mingi. Wanawake waliamka kutoka kwenye nusu kaputi wakiwa na kifua kilichobaki ngozi na mbavu, na mkono uliovimba maisha yao yote.

Bernard Fisher alikuwa mpasuaji huko Pittsburgh. Ndugu yake Edwin alikuwa mwanapatholojia. Wawili hao walifanya kazi maabara kwa miaka, wakifuatilia chembe za saratani kwa wanyama, na wakaona kwamba hazifuati mpangilio ule. Huingia kwenye damu na kwenye limfu pamoja. Kama ni hivyo, kukata pakubwa hakuwezi kuwa ndiko kunakoponya. Wakalipeleka wazo lao kwa wagonjwa kwa njia ya haki kuliko zote tulizo nazo: kuwagawa kwa bahati nasibu. Jaribio la B-06 lilianza mwaka 1976. Wapo waliotolewa titi lote, wapo waliotolewa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, na wapo waliotolewa uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Wanawake 1,851 walifuatiliwa miaka 20. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliokuwa hai walikuwa kati ya 46% na 47% katika makundi yote matatu. Mionzi haikuwa bure, kwani saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa 14.3% ya waliopigwa mionzi, dhidi ya 39.2% ya waliotolewa uvimbe peke yake. Lakini titi lenyewe halikuwa na sababu ya kutolewa.

Msisahau sharti moja la jaribio lile. Mwanamke aliyetolewa uvimbe tu alibaki na titi lake ikiwa kingo za kilichotolewa hazikuwa na saratani. Nani alisema kingo ni safi? Mwanapatholojia, kwenye hadubini. Kwa hiyo uhuru wa mpasuaji kukata padogo ulisimama juu ya ripoti ya maabara.

Ikaja kugundulika kwamba katika hospitali moja iliyoshiriki, taarifa za baadhi ya wagonjwa zilikuwa zimeghushiwa. Hesabu zikarudiwa bila wagonjwa wa hospitali hiyo, jibu likabaki lilelile. Nalitaja kwa ajili ya ninyi mnaosomea ubingwa, mnaojaza fomu za utafiti usiku mkiwa hoi kwa uchovu. Tarehe moja ukiibuni ili mgonjwa aonekane anafaa kuingia kwenye utafiti, umewaibia wanawake wote watakaotibiwa kwa kuamini karatasi yako.

Sasa niwageukie wale ambao jibu halikuwapendeza.

Upasuaji wa matundu madogo umetuletea mema mengi: kidonda kidogo, maumivu machache, mgonjwa anakwenda nyumbani mapema. Kwa saratani changa ya mlango wa kizazi njia hii ilienea sana, na tafiti zilizochungulia mafaili ya zamani zilionyesha haina tofauti na kufungua tumbo. Kisha likafanyika jaribio la LACC, wanawake 631 wakagawiwa kwa bahati nasibu, matokeo yakatoka mwaka 2018. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani walikuwa 86.0% katika kundi la matundu madogo na 96.5% katika kundi la kufunguliwa tumbo. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Fikirini: njia iliyokuwa inampendeza mgonjwa, inampendeza mpasuaji, kidonda chake kizuri, ndiyo iliyokuwa inarudisha saratani. Mafaili ya zamani yasingetuambia, kwa sababu anayechagua nani apasuliwe kwa njia ipi ni daktari, na daktari ana sababu zake.

Kuna pia upasuaji uliojaribiwa dhidi ya upasuaji wa uongo. Huko Finland watu wazima 146 waliochanika meniska, yaani kile kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa ya goti, lakini wasio na goti lililolika, waligawanywa: nusu wakakatwa kipande kilichochanika, wengine wakatobolewa ngozi na kuchunguzwa goti bila kukatwa kitu, na hakuna mgonjwa aliyejua yuko kundi gani. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba baada ya mwaka mzima makundi yote yalikuwa yamepata nafuu sawa. Najua wapo wanaoona kumtoboa mtu bure ni kinyume cha maadili. Mimi naona kuwakata maelfu kwa miaka bila kujua kama kunasaidia ni kinyume zaidi, mradi mgonjwa ameelezwa ukweli wote na ameridhia kwa hiari yake.

Na kuna utafiti wa mambo ambayo hakuna anayeyapigia makofi. Kidonda cha tumbo kuoza baada ya upasuaji ni mateso makubwa na ya kawaida. Jaribio la ChEETAh lilizishirikisha hospitali 81 katika nchi saba, zikiwemo Benin, Ghana, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini, na wagonjwa 13,301. Lililojaribiwa ni hili: kabla ya kufunga tumbo, timu nzima inabadilisha glavu na kuchukua vifaa vipya vilivyotakaswa. Basi. Maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka 18.9% hadi 16.0%. Mnaweza kusema tofauti ni ndogo. Katika wagonjwa 1,000 ni watu 29 ambao hawakukaa wodini wiki kadhaa wakisafishwa usaha. Utafiti huu ulitoka mwaka 2022, na ninauweka mbele yenu kwa sababu wapo vijana wanaodhani utafiti wa maana lazima uwe na roboti ndani yake.

Sasa nije kwenye mambo mapya kabisa, ambayo kwa maoni yangu yanaibadilisha kazi ya mpasuaji na ya mwanapatholojia kwa pamoja.

Chembe zetu zina protini zinazorekebisha makosa ya kunakili vinasaba. Tunazipima nne: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kipimo chenyewe ni cha maabara ya kawaida ya patholojia: slaidi inapakwa kingamwili, protini ikiwepo kiini cha chembe kinageuka kahawia, isipokuwepo kiini kinabaki cha bluu. Uvimbe uliopoteza protini hizi hujaza makosa mengi katika vinasaba vyake, na kinga ya mwili, ikifunguliwa breki kwa dawa, huutambua na kuushambulia.

Katika utafiti wa NICHE-2, uliochapishwa mwaka 2024, wagonjwa wenye saratani ya utumbo mpana ya aina hii walipewa dawa mbili za kinga kwa wiki chache tu, kisha wakapasuliwa. Kati ya wagonjwa 111 waliopimwa, 68% hawakukutwa na chembe hai hata moja ya saratani katika utumbo uliotolewa, na kwa 95% kilichobaki hai kilikuwa kidogo mno. Angalieni nani aliyetoa jibu la utafiti huu. Picha za mashine bado zilikuwa zinaonyesha uvimbe kwa wengi. Mpasuaji alitoa kitu kigumu kinachoonekana kuwa saratani. Ni yule aliyekaa na sampuli, akaikata pote palipokuwa na kovu, akapitia slaidi moja moja, ndiye aliyesema: hapa hakuna kitu, ni kovu na ute.

Na huko New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, walikwenda mbele zaidi kwa saratani ya puru ya aina hiyohiyo. Walitoa dawa ya dostarlimab peke yake kwa miezi sita, wakiwa tayari kuendelea na mionzi na upasuaji. Mwaka 2022 waliripoti wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza dawa: wote 12 uvimbe haukuonekana tena, na hakuna aliyehitaji kisu. Kufikia ripoti ya mwaka 2025 walikuwa 49, na wote 49 uvimbe ulitoweka. Baadhi ya watu hawa zamani wangeishi na mfuko wa choo tumboni. Lakini ni sehemu ndogo ya wagonjwa wa saratani ya puru, kama 5% hadi 10%, na namna ya kuwajua ni ile slaidi ya kahawia na bluu. Asiyepimwa atapasuliwa, na hatajua kamwe kwamba angeweza kubaki mzima.

Hapa ndipo lazima niongee habari ya chupa ya fomalini, na nitaongea kwa kirefu, kwa sababu ndipo tafiti zetu zinapofia.

Titi limetolewa. Limewekwa kwenye beseni pembeni ya chumba cha upasuaji wakati timu inafunga kidonda. Kesi inayofuata inaingia. Mwishowe mtu analitia zima kwenye kopo lenye mdomo mwembamba, likikandamizwa, na fomalini inamiminwa inayotosha kufunika nusu. Fomalini hupenya nyama polepole mno, kama milimita moja kwa saa. Juu titi linaonekana limekauka vizuri. Katikati, ambako uvimbe uko, chembe zinajimeng'enya zenyewe. Tunapolikata baada ya siku mbili tunakutana na kitu laini cha kijivu kinachotoa harufu. Kwenye slaidi viini vimefifia. Tukipima protini ya HER2 au vipokezi vya homoni, vitu vinavyotuonyesha ni dawa ipi itamfaa mgonjwa, rangi inakuja hafifu au haiji, na mwanamke anaandikiwa kwamba hana kitu ambacho anacho. Dawa ambayo ingemsaidia hataipata.

Miongozo iko wazi na haina gharama ya kutisha. Sampuli ya titi iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu ilipotolewa, ikiwa imepasuliwa vipande ili dawa ifike ndani. Fomalini iwe ya 10% iliyowekewa bafa, ujazo wake mara kumi ya sampuli. Ikae humo si chini ya saa sita wala si zaidi ya saa 72. Na saa ya kutolewa na saa ya kuingia kwenye fomalini ziandikwe.

Halafu fomu. Napokea fomu yenye jina, umri, na mahali pa maelezo ya ugonjwa pameandikwa neno moja: uvimbe. Uvimbe wa wapi? Upande gani? Mgonjwa alipewa tibakemikali kabla, au mionzi? Kwa mgonjwa aliyepewa dawa kwanza nitakata sampuli kwa namna tofauti kabisa, nitalitafuta kovu, nitachukua vipande vingi zaidi. Usiponiambia, nitaandika kwamba sijaona saratani, na wewe utadhani nimebadilishiwa mgonjwa. Kwa kipande cha titi nahitaji nyuzi mbili tu: uzi mfupi upande wa juu, uzi mrefu upande wa pembeni. Bila nyuzi hizo nikikuta saratani kwenye ukingo siwezi kukwambia urudi ukate wapi, na utarudi kukata pote.

Nisiwabebeshe wapasuaji peke yao. Sisi wa patholojia nasi tuna deni. Kwenye utumbo wenye saratani tunatakiwa kutafuta angalau mitoki 12, kwa sababu ukihesabu minne na yote ikawa safi, hujathibitisha kwamba mgonjwa ni salama. Umethibitisha tu kwamba hukutafuta. Ripoti inayosema "mitoki haina saratani" bila kusema ni mingapi haiwezi kutumika na mtafiti yeyote, na mgonjwa naye ana haki ya kuikataa. Ripoti zetu ziandikwe kwa vipengele vinavyolingana, kila mara, ili mwanafunzi akifungua ripoti 300 za miaka mitano aweze kuzilinganisha.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache, maana najua mtaniuliza. Mashindano ya CAMELYON16, yaliyoandikwa mwaka 2017, yalizipa programu slaidi 129 za mitoki ya wagonjwa wa saratani ya titi. Programu bora ilipata alama 0.994 kati ya 1, wanapatholojia 11 waliowekewa muda walipata wastani wa 0.810, na mwanapatholojia mmoja aliyeachiwa muda anaotaka alipata 0.966 baada ya saa zipatazo 30. Mimi nazikaribisha programu hizi kwa mikono miwili. Macho yangu huchoka, yao hayachoki. Ila programu inasoma slaidi iliyotengenezwa na watu, kutoka kwenye nta iliyotengenezwa na watu, kutoka kwenye lile kopo. Nyama iliyooza haigeuki kuwa nzima kwa kupigwa picha.

Basi ninaomba mambo matatu kwa uongozi wa shule, na kwa kila moja nina sababu niliyoieleza tayari.

Kikao cha pamoja cha upasuaji na patholojia kila wiki, ambamo sampuli na slaidi zinaonyeshwa mbele ya aliyepasua, na matatizo yanatajwa bila kumfedhehesha mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na idara inayoficha kingo chafu wagonjwa wake watakuja kuisema. Pili, ghala la kuhifadhia vipande vya nta lenye mpangilio na ulinzi dhidi ya joto. Kipande cha nta kilichotunzwa vizuri kinaweza kujibu swali ambalo leo bado halijaulizwa. Kipimo cha zile protini nne kinaweza kufanywa kwenye nta ya miaka mingi iliyopita. Tatu, karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa mgonjwa, inayomwambia wazi kwamba sehemu ya kilichotolewa mwilini mwake inaweza kutumika katika utafiti, na kwamba akikataa matibabu yake hayatapungua kwa lolote. Watu wengi wakielezwa kwa heshima hukubali. Kuchukua kimyakimya kwa kuwa sampuli tayari tunayo ni dhuluma, hata kamati ya maadili isipogundua.

Na kwenu mnaotafuta mada ya tasnifu. Kila mwaka naona mada kubwa zinazoshindikana kwa kukosa fedha na vitendanishi. Zipo zinazowezekana hapa hapa. Sampuli za titi zinachukua muda gani kutoka mwilini hadi kwenye fomalini, na je, muda huo ukipungua majibu ya vipokezi vya homoni yanabadilika? Ni sampuli ngapi za utumbo zina mitoki 12 na zaidi, na nani anazikata? Wagonjwa wangapi walioambiwa ukingo una saratani walirudishwa thieta, na baada ya muda gani? Kwa kila swali chukueni mwenza kutoka idara ya pili: wa upasuaji amtafute wa patholojia, wa patholojia amtafute wa upasuaji, na muuguzi wa thieta awe mwandishi mwenza, siyo mtu wa kushukuriwa mwishoni kwa mstari mmoja, kwa sababu saa ya kutolewa kwa sampuli anaijua yeye.

Wanaotaka kuanza na lile swali la muda wa fomalini tuonane mara baada ya kikao hiki. Daftari la kupokelea sampuli ninalo mimi, la thieta analo Muuguzi Mkuu, naye amenihakikishia kwamba kamati ya maadili ikiridhia atalitoa. Asanteni kwa kunisikiliza; Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.